Saa ya Kugeuka: Kisa cha Matembezi ya Siku Moja hadi Ziwa Ellis, Mlima Kenya

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika kiangazi cha Januari, upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Nimekiandika kwa ridhaa ya waliokuwamo. Jina la kikundi, mwaka, idadi kamili ya watu na kazi za baadhi yao nimeviondoa au kuvibadilisha. Jina la ziwa na la njia nimeyaacha, kwa kuwa mwalimu wa waongoza matembezi hawezi kufundisha kwa mlima usiojulikana ulipo.

Saa zinazotajwa zimetoka kwenye picha za simu za washiriki, maana kila picha huhifadhi muda ilipopigwa, na kwenye maelezo niliyochukua kwa kila mtu peke yake. Nilisisitiza tuzungumze kabla kikundi hakijakutana tena. Watu walioingiwa na hofu pamoja wakikaa wiki mbili huanza kusimulia hadithi moja, na ile hadithi moja huwa imeshapoteza mambo yenye faida.

Hakuna aliyekufa wala kuvunjika mfupa. Ndiyo sababu nimekichagua. Visa vya namna hii huishia ndani ya matatu ya kurudi Nairobi, watu wakicheka kwa ahueni, na Jumamosi inayofuata kikundi kingine kinarudia yale yale.

Ziwa na njia yake

Ziwa Ellis liko kwenye kimo cha karibu mita 3,450, juu kidogo ya mwisho wa msitu, kwenye uwanda wa nyasi ngumu na vichaka. Wanaotumia njia ya Chogoria hufika kwanza mji wa Chogoria, kaunti ya Tharaka-Nithi, kisha hupanda barabara ya udongo yenye urefu wa kama kilomita 30 kupitia msituni na kwenye mianzi hadi lango la hifadhi, karibu mita 2,950. Matatu ya kawaida haiwezi barabara hiyo. Watu hukodi Land Rover pale mjini.

Kutoka langoni hadi ziwani ni kama kilomita 11, yaani 22 kwenda na kurudi. Njiani, kama kilomita 7 kutoka langoni, kuna mahali panapoitwa Roadhead, mita 3,300 hivi, ambapo gari la nguvu linaweza kufika wakati wa ukavu. Maporomoko ya Nithi yako karibu na hapo.

Kwenye karatasi ziwa hili linaonekana jepesi: mita 500 tu za kupanda. Wengi hudanganywa na hesabu hiyo. Mkazi wa Nairobi aliyezoea milima ya Ngong na Longonot huamini ameshaiva kwa mlima, lakini kilele cha Longonot kina mita 2,776. Lango la Chogoria liko juu zaidi ya kilele hicho, na hapo mtu bado hajapiga hatua ya kwanza. Ukifika ziwani, kila pumzi inakupa takriban theluthi mbili tu ya oksijeni unayopata ukiwa ufukweni Mombasa.

Kuna pia tabia ya anga. Kiangazi cha Mlima Kenya hakimaanishi siku nzima ya jua. Asubuhi vilele huonekana wazi kabisa. Jua likipasha mabonde, hewa yenye unyevu hupanda, mawingu hujikusanya kufikia adhuhuri, na alasiri huweza kuleta ukungu, mvua au mvua ya mawe hata katika mwezi unaoitwa mkavu. Jua huzama kama saa 12:40 jioni, na kwa kuwa tuko kwenye ikweta, giza halikawii. Ndani ya nusu saa huoni jiwe lililo mbele ya kiatu.

Watu na mpango

Walikuwa kama kumi na watano, wengi wao wafanyakazi wa ofisini wenye umri wa miaka ishirini na kitu hadi arobaini na kitu. Kikundi chao hutoka mara moja kwa mwezi. Kulikuwa na kiongozi wa mbele, kijana mwenye mwendo wa haraka na mwenye kupendwa na watu. Ndiye aliyetangaza safari na kukusanya nauli. Kulikuwa na kiongozi wa nyuma, mwalimu wa shule ya upili aliyewahi kupata mafunzo ya huduma ya kwanza. Pale Chogoria walimchukua mwelekezi wa kienyeji, mzee aliyeupanda mlima huo tangu ujana wake.

Kati ya washiriki, mmoja anahitaji kuelezwa zaidi. Alikuwa dada mwenye umri wa miaka thelathini na kitu aliyekuja kwa treni kutoka Mombasa jioni ya kuamkia safari. Hakulala zaidi ya saa tatu. Kwa hesabu rahisi, alitoka usawa wa bahari na alitarajiwa kusimama kwenye mita 3,450 kabla ya siku kamili kupita. Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Fomu ya kikundi iliuliza jina, namba ya simu, na kama mtu anakula nyama.

Mpango ulikuwa mzuri, na nasema hivyo bila kusita. Kuondoka Nairobi saa 8 usiku, kufika Chogoria saa 12 asubuhi, kuanza kutembea langoni saa 2, kufika ziwani saa 6 mchana, kugeuka ifikapo saa 7 popote watakapokuwa, kurudi langoni saa 10 na nusu. Maneno "popote tutakapokuwa" yalikuwa yameandikwa kwenye ujumbe wa WhatsApp uliotumwa siku mbili kabla. Kila mtu aliusoma.

Asubuhi: muda ulivyopotea

Matatu iliondoka Nairobi saa 9 na dakika kumi usiku, kwa sababu watu wawili walichelewa. Waliingia Chogoria saa 1 na robo asubuhi. Zilikodiwa Land Rover mbili, ilikuwapo moja. Ya pili ilikuwa imechukuliwa na wageni wengine. Kutafuta gari mbadala na kukubaliana bei kulikula zaidi ya saa moja na nusu. Kikundi kizima kilikutana langoni saa 4 asubuhi, kikajiandikisha, kikaanza kutembea saa 4 na dakika ishirini.

Saa mbili na dakika ishirini zilikuwa zimekwisha kabla mtu hajafunga kamba za viatu.

Katika kungoja huko kulifanyika jambo dogo ambalo baadaye lilibeba siku nzima. Mwalimu alikwenda kwa dereva wa gari la kwanza akamwambia, "Tukichelewa jioni, naomba utufuate juu. Ikifika saa 11 hujatuona langoni, panda hadi Roadhead."

Dereva akamjibu kwa uwazi, "Mwalimu, kupanda Roadhead ni pesa nyingine."

"Nitalipa mimi."

Hakumwambia mtu mwingine. Aliponieleza sababu, alisema aliangalia saa akaona mpango umeshakufa, lakini hakutaka kuharibu furaha ya watu mapema vile.

Roadhead, saa 7 mchana

Mwendo wa kwanza ulikuwa mzuri. Barabara ni pana, miti ya hagenia yenye ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini inapendeza macho, na jua lilikuwa kali. Watu walivua masweta. Wa mbele walifika Roadhead saa 6 na robo. Wa mwisho, yule dada wa Mombasa akiwa na mwalimu, walifika saa 7 kamili.

Saa 7 ndiyo ilikuwa saa ya kugeuka, na kikundi kizima kilikuwa kimekusanyika mahali pamoja, penye maji, penye maporomoko ya kutazama umbali mfupi, kwenye barabara ambayo gari linaweza kufika. Sijui mahali bora zaidi pa kugeukia katika njia hiyo yote.

Hali ilikuwa hivi. Mawingu yalikuwa yamefunika vilele. Dada yule alikuwa na maumivu ya kichwa tangu langoni, ambako alimeza vidonge viwili vya kutuliza maumivu bila kumweleza yeyote. Mwalimu alimwona amekaa peke yake akamuuliza, "Dada, umekula saa ngapi?" Akajibu, "Niko sawa, ni usingizi tu." Chapati yake ilikuwa haijaguswa. Kijana mmoja alikuwa amevaa jinzi. Wengine wanne au watano walikuwa na sweta za pamba zenye kofia na hawakuwa na koti la mvua.

Mzee mwelekezi alimvuta kiongozi wa mbele pembeni. Kwa maelezo ya wote wawili, alisema lile wingu halingoji saa 9. Kiongozi akamjibu kwa heshima, "Mzee wetu, hawa watu wametoka mbali." Mzee akasema, "Sawa, ninyi ndio mnaojua."

Kisha kiongozi akawauliza watu wote kwa sauti: wanataka kurudi, au wasukume kidogo hadi ziwani? Wakapiga kelele za kwenda. Saa ya kugeuka ikahamishwa hadi saa 9.

Ziwani

Kutoka Roadhead njia inapanda kwenye uwanda wazi. Wa mbele walifika ziwani saa 8 na dakika arobaini. Picha zao zinaonyesha maji ya rangi ya chuma na ukungu unaoteremka kutoka upande wa vilele. Wanatabasamu wote. Katika picha ya mwisho ya mfululizo huo, nyasi zimelala upande mmoja kwa upepo.

Mvua ya mawe ilianza saa 9 na dakika tano. Dada na mwalimu walikuwa bado nusu kilomita chini ya ziwa, pamoja na yule kijana wa jinzi. Hakukuwa na mti wala mwamba wa kujikinga. Kwa dakika kama arobaini kila mtu alilowa kwa kiasi cha nguo alizovaa: wenye makoti walilowa miguu, wenye pamba walilowa hadi mwilini.

Mwalimu alitaka kugeuka pale pale. Lakini kiongozi wa mbele alikuwa hasikiki, simu hazikushika mtandao, na akihofia kwamba wa mbele wangemtafuta wasimpate, akaendelea kupanda. Walifika ziwani saa 9 na dakika ishirini na tano. Kikundi kizima kilianza kushuka saa 10 kasoro dakika kumi, kikiwa kimelowa, na kilomita 11 mbele yake.

Kushuka

Kwa robo saa ya kwanza walikwenda pamoja. Kisha baridi ikawagawa. Wenye nguvu walitaka kutembea haraka wapate joto, na walikuwa na haki, wanyonge hawakuweza. Mzee alichukua uamuzi bila kuulizwa: alimwambia kiongozi wa mbele awachukue wenye nguvu aende nao kwa mwendo wao, na yeye akarudi nyuma kukaa na mwalimu. Waliobaki nyuma walikuwa watano.

Vijana wawili wa kundi la mbele walikata kona wakafuata kijia kilichoishia kwenye nyasi. Ukungu ulikuwa mzito. Mmoja wao alikuwa na filimbi iliyoshonwa kwenye mkanda wa begi, ambayo hakuwahi kuitambua kama filimbi hadi siku hiyo. Walipiga, wakajibiwa, wakarudi njiani baada ya dakika kama ishirini.

Huku nyuma mambo yalikuwa yamebadilika. Dada alitetemeka mwili mzima, kisha akaanza kujikwaa penye njia tambarare. Maneno yake yakawa mazito. Aliomba mara tatu akae "dakika moja tu". Alitapika. Mwalimu alimsimamisha nyuma ya vichaka vilivyopunguza upepo, akamvua sweta na fulana iliyolowa, akamvisha fulana kavu ya mzee na sweta lake la sufi, akatoboa mfuko mkubwa wa takataka tundu la kichwa na kumvika juu ya vyote. Wakamlisha glukosi kidogo kidogo. Kisha wakatembea, mzee akiwa upande mmoja na kijana wa jinzi upande mwingine. Kutembea kulimsaidia huyo kijana pia, kwa sababu naye alikuwa akitetemeka.

Dereva, kama alivyoagizwa, aliondoka langoni saa 11. Wa mbele walipofika Roadhead saa 12 kasoro robo, gari lilikuwa linawangoja. Hapo kiongozi wa mbele alifanya jambo ninalomheshimu kwalo. Aliwapakia watu wote, akamwambia dereva awashushe langoni kisha arudi, na yeye mwenyewe akakataa kupanda. Alichukua thermosi ya chai ya dereva na tochi mbili, akapanda tena njia peke yake kuwalaki wa nyuma. Aliwakuta kama kilomita moja na nusu juu, giza likianza kuingia. Kati ya wale watano ni mmoja tu aliyekuwa na tochi.

Walifika Roadhead saa 1 na dakika tano usiku. Gari lilirudi muda mfupi baadaye.

Matokeo

Wote walikuwa langoni saa 2 na nusu usiku. Askari wa hifadhi walikuwa wameshaanza kujiandaa kupanda, kwa sababu daftari la kujiandikisha lilionyesha watu hawajarudi. Dada alipewa chai zaidi na blanketi, akaanza kuongea vizuri kabla ya kufika mjini. Alipelekwa hospitali, akapimwa, akaruhusiwa usiku ule ule. Maumivu ya kichwa yalipungua kadiri gari lilivyoshuka. Kijana wa jinzi alikuwa na ganzi vidoleni kwa siku mbili.

Wanachama wawili waliacha kikundi. Kiongozi wa mbele na mwalimu hawakuzungumza kwa wiki kadhaa, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye aliyepaswa kusema.

Uchambuzi

Nilipoanza kuwahoji, karibu kila mtu alianza na mvua ya mawe. Naikubali kama tukio, siikubali kama chanzo. Mvua hiyo ingewakuta wamebakiza saa moja na nusu kufika langoni, msituni, kama wangeanza saa 2 asubuhi. Ingewakuta karibu na lango pia kama wangegeuka Roadhead. Kilichoumiza siku hii kilitokea Chogoria mjini asubuhi, watu wakiwa wamekaa kwenye mabenchi wakinywa chai: muda ulipungua kwa zaidi ya saa mbili na lengo likabaki lile lile. Mpango wenye saa ya kugeuka hauna maana nyingine ila hii: ukichelewa kuanza, saa haisogei, mwisho wa safari ndio unaosogea kuja kwako. Pale pale langoni saa 4 na dakika ishirini, kiongozi angeweza kutangaza kwamba leo ni maporomoko ya Nithi. Wangefika, wangepiga picha, wangekula, wangerudi mchana. Watu wangenung'unika hadi Roadhead na si zaidi.

Kwa nini hakutangaza? Alinijibu kwa moyo mweupe: watu walikuwa wamelipa kwenda ziwani. Nauli, ada ya kuingia hifadhini, Land Rover, vyote vilishalipwa, na kwake kurudi bila ziwa kulikuwa sawa na kuwadhulumu. Naielewa hisia hiyo, lakini pesa zilizolipwa haziongezi dakika kwenye siku.

Kura ya Roadhead ndiyo kosa ninalotaka wanafunzi wangu walikumbuke kuliko yote. Kuwauliza watu kumi na watano wenye hamu, mbele ya wenzao, kama wanataka kurudi, si kuwashauri. Dada aliyekuwa akiumwa kichwa hangesema "turudi" mbele ya watu waliopiga kelele za kwenda. Alinieleza kwamba aliona aibu hata kuinua mkono kuomba dakika tano zaidi. Kura ya wazi mlimani humfunga mdomo mgonjwa, na mgonjwa ndiye mwenye habari ambayo kiongozi anaihitaji zaidi. Kama kiongozi angewapitia watu mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, akiuliza kichwa kikoje, tumbo likoje, umekula nini, angepata jibu tofauti.

Kuhusu mzee, nimesikia watu wakimlaumu kwamba alijua na akakaa kimya. Hakukaa kimya. Alisema mara moja, kwa adabu, kama mtu aliyeajiriwa anavyomwambia mteja. Jibu lake la mwisho, "ninyi ndio mnaojua", lilikuwa la mtu aliyeona hana mamlaka. Hakuwa na hakika kama angelipwa siku kamili wakigeukia njiani, hakuna aliyemwambia. Ukimwajiri mwelekezi halafu ukamwachia kazi ya kuonyesha njia tu, umenunua miguu yake ukaacha macho yake. Mamlaka ya kugeuza kikundi apewe asubuhi, mbele ya watu wote, pamoja na hakikisho kwamba malipo yake hayatapungua. Baada ya hapo neno lake si maoni tena.

Sasa habari ya dada. Mtu aliyetoka usawa wa bahari jana, akiwa juu ya mita 2,500, akiumwa kichwa na kukosa hamu ya chakula, ahesabiwe kuwa na ugonjwa wa kimo, yaani mwili kutozoea uhaba wa oksijeni wa huko juu, hadi ithibitike vinginevyo. Hapaswi kupanda zaidi. Sababu nyingine zinaweza kuwapo: usingizi, njaa, maji machache, jua. Zote zilikuwapo kwake. Lakini hizo hupungua mtu akipumzika, akinywa na akila. Asipopata nafuu, tumechelewa kubishana. Vidonge vya kutuliza maumivu vilimpa saa mbili za kujidanganya. Sikatazi vidonge, nataka tu kiongozi wa nyuma ajue vimemezwa.

Wakati wa kushuka, mwalimu hakujua kama kujikwaa na uzito wa maneno kulitokana na mwili kupoa kupita kiasi au na kimo kuanza kuathiri ubongo. Dalili hizi mbili hufanana sana, na hata daktari aliyekuwa mjini hangeweza kumpa jibu kwa simu. Uzuri wa uamuzi wake ni kwamba hakusubiri kujua. Alifanya mambo yanayofaa kwa yote mawili: nguo kavu, kinga ya upepo, sukari, kisha kushuka bila kusimama zaidi ya inavyolazimu. Kama dada angekataa kabisa kuinuka, wangembeba, na kwa watu wanne waliolowa, kubeba mtu kilomita tatu gizani ni kazi ambayo sina hakika ingefanikiwa. Sehemu ya chini ya njia hiyo, kati ya Roadhead na lango, ina nyati, nao hutoka jioni. Ukiunganisha hayo yote utaona gari la saa 11 lilikuwa na thamani gani.

Nimewaeleza waliokuwamo jambo moja ambalo baadhi walilipinga. Ukitazama yaliyofaulu siku ile, mengi yaliamuliwa asubuhi, chini, na mtu aliyekuwa na akili iliyotulia: agizo kwa dereva, mfuko wa takataka ndani ya begi, fulana ya akiba ya mzee, jina kwenye daftari la lango. Hayakuhitaji mtu yeyote awe shujaa wala awe na mtandao wa simu. Na yaliyofeli yote yaliachwa yaamuliwe juu, na watu waliochoka, wenye baridi, wanaoogopa kuwaudhi wenzao. Kiongozi wa mbele alipinga kwa kutaja safari yake ya pili na thermosi, akasema ule ulikuwa uamuzi wa juu na ulifaa. Ni kweli. Lakini hata huo uliwezekana kwa sababu gari lilikuwa pale.

Kugawanyika kwa kikundi wakati wa kushuka kuna ubishi pia. Kanuni tunayofundisha ni kwamba kikundi hakigawanyiki. Hapa mzee alikigawa, na nadhani alikuwa sahihi, kwa sababu kila upande ulibaki na kiongozi na waliolowa wangepoa zaidi kwa kungoja. Kilichokosekana ni agizo kwa kundi la mbele kwamba hakuna kumpita kiongozi na hakuna kukata kona. Wale vijana wawili walipona kwa filimbi ya bahati.

Kuhusu nguo nitasema kwa ufupi tu, maana yameshasemwa sana: pamba ikilowa haikupi joto, jinzi likilowa ni mzigo, na koti la mvua si la msimu wa mvua peke yake. Tochi ya kichwani ni lazima kwa kila mtu, hata kwenye safari inayopangwa kuisha saa 10 na nusu.

Kilichobadilika

Kikundi kimeongeza maswali mawili kwenye fomu: umelala wapi usiku wa kuamkia safari na usiku wa kabla yake, na unatumia dawa gani. Anayetoka pwani anaombwa alale usiku mmoja Nairobi na mwingine Chogoria au langoni kabla ya kutembea juu ya mita 3,000. Akishindwa, anawekwa kwenye orodha ya safari za chini. Mabegi hukaguliwa kabla ya matatu kuondoka, na asiye na koti la mvua na tochi hashiriki. Mwelekezi hutambulishwa asubuhi kwa maneno yale yale kila safari, na malipo yake hutumwa kabla hajaanza kutembea.

Jambo lililoleta mabishano ni pesa ya dereva. Sasa gharama ya Land Rover kupanda hadi Roadhead jioni imo ndani ya nauli tangu mwanzo, na dereva hupewa saa yake kwa maandishi. Wanachama kadhaa wamelalamika kwamba wanalipia gari ambalo mara nyingi halipandi. Mweka hazina amekubali kuirudisha kwa M-Pesa kila Jumatatu isipotumika, na amekataa kuiondoa. Namuunga mkono.